Bakuli Lililorudi Tupu

Akina mama wenzangu, jirani akikurudishia bakuli tupu, usikimbilie kununa. Mwaija wa Bagamoyo alinuna, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Ulikuwa mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipoanza kushusha watu wao mjini, na manowari imesimama mbele ya pwani. Kila mwenye mtoto alitafuta pa kumficha. Mwaija alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Sada, na dada yake alikaa Saadani. Mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu, aitwaye Husseni, mtu wa swala tano na maneno laini, akajitolea kumfikisha binti huko. Siku moja kabla ya safari alishinda barazani kwa Mwaija, kajilaza mkekani.

Asubuhi ya siku hiyo Mwaija alikuwa amempelekea jirani yake, Ashatu, bakuli la mihogo ya nazi. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kama huna kitu, tia hata ndimu, hata chumvi ya kushika kwa vidole. Alasiri Ashatu akalirudisha bakuli. Halikuwa na kitu, tena aliliweka mlangoni kifudifudi, kama vyombo vya marehemu vinavyofunikwa juu ya kaburi lake. Akamtazama Mwaija machoni, akamtazama Husseni, akaondoka bila kuaga.

Mwaija aliona utupu tu. Akajiona amedharauliwa, tena mbele ya mgeni. Akatoka uani, akamwandama kuku wake kwa sauti ya kuvuka ua:

"Kula, mwanangu, kula. Mtama wangu unaumeza, yai unakwenda kutaga kwa mwingine. Umenona kwa vya watu, huna hata haya."

Upande wa pili wa ua Ashatu akajibu, naye kama anayesema na kuku wake:

"Kuku akiinamia mtama, hamwoni mwewe. Na mwewe mwenyewe yumo humu humu uani, kakunja mbawa."

Husseni akacheka pale mkekani, akasema majirani wa siku hizi wana ndimi. Mwaija naye akacheka.

Alfajiri Sada akaondoka naye, kifurushi cha nguo kichwani. Jua lilipopanda, Ashatu akaingia bila hodi. Mumewe alikuwa mpagazi wa Husseni, na alikuwa amemwapisha mkewe asitoe neno. Sasa mume kaondoka na msafara, na Ashatu hawezi tena kulibeba.

"Mwaija, yule anauza watu. Saadani hafiki. Ng'ambo ya mto kuna wanaomngoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema jana kutwa. Ningesemaje zaidi, naye kalala hapo?"

Mwaija hakungoja hata kuchukua ushungi. Alikimbia njia ya kaskazini, wanawake wa mashambani wakimsalimu asiitikie, yeye aliyezoea kuwaitikia hata watoto wadogo. Alipojikwaa aliinuka, na kila alipoinuka alimwomba Mungu mtumbwi uwe umetoboka, mto uwe umejaa, mvushaji awe mgonjwa, lolote.

Kwenye kivuko cha mto Kingani mvushaji, mzee Mwinyimvua, alikuwa amekaa ukingoni, mtumbwi wake umefungwa. Mwaija hakumpa shikamoo.

"Mwanangu Sada. Kavuka na Husseni? Niambie hivyo hivyo, mzee wangu. Usinizungushe."

Mzee akaitazama miguu yake iliyokuwa ikitoka damu. Akautandika mkeka, akaupangusa mchanga taratibu kwa kiganja. Kisha akachota maji mtungini kwa kata.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Keti kwanza. Unywe maji."

Mwaija aliyajua maji hayo. Ndiyo wanayopewa wafiwa kabla hawajaambiwa, na yeye mwenyewe alikwisha kuwapa wengi. Hakuketi. Maadamu hajaketi, bado hajaambiwa. Alibaki amesimama pale juani, na mzee naye ameinyoosha kata, anamngoja.