Glasi za Mstari wa Tatu

...nani huyo, anauliza Profesa Aderbal, nani mwenye akili zake timamu angempa mtoto dawa hizi mbili kwa pamoja, na anacheka kidogo, anapangusa makombo ya keki kwenye ndevu, keki ya muhogo ya dada yangu, maana huku kwetu mwanafunzi akitetea tasnifu, familia yake ndiyo inayowalisha wanaomhukumu, kahawa, jibini, keki, kitambaa cheupe cha meza, na Neide alikuna ule muhogo peke yake, akakataa nimsaidie, akasema hii ni siku yake pia, leo wale watu wa kiwanda cha sirapu watajulikana, na sasa amekaa kule nyuma karibu na chupa ya kahawa, amevaa gauni la kanisani, ananitazama, wote wananitazama, na ukutani nyuma yangu iko picha ya vitunguu vyangu, mistari mitatu ya glasi za plastiki, kitunguu kimoja juu ya kila glasi, kimekalia mdomo wake, tako majini, mstari wa kwanza matone ya homa, mizizi imeshuka mirefu, myeupe, sawa na ya maji matupu, mstari wa pili sirapu ya mafua, nayo mirefu, na mstari wa tatu zote mbili pamoja, mizizi imedumaa, ya kahawia, ncha zimeoza, na huyu profesa mzee, mtahini kutoka mji wa Teresina, hajauliza kwa nini, ameuliza nani... sema ni dhana tu, sema ni swali la kinadharia, Profesa Ivonete, msimamizi wangu, ameshanikonyeza, tulikubaliana hivyo, jibu kifupi, shukuru, kaa, cheti utakipata, na kweli kitunguu si mtoto, nimeandika mwenyewe, kitunguu hakina ini, mzizi ukiacha kukua unachosema ni kwamba hapa pana jambo, tazameni, basi, hausemi fulani aliua... lakini Neide hakuja kusikia habari za mizizi, amekuja kusikia hukumu, tangu tumzike Deivid, mwanawe, anaingoja, na mimi ndiye niliyemwahidi, nilimwambia nitaipima ile sirapu, dada, nitaipima mpaka iseme, nikaipima, vitunguu vikaota, mizizi mizuri kama ya kitunguu cha sokoni kilichosahauliwa kwenye maji, niliona aibu kuiangalia, na ndipo nilipozichukua zile chupa mbili, ya matone na ya sirapu, nikasoma maandishi ya pembeni, madogo kama mayai ya chawa, majina mawili nje, dawa moja ndani, dawa ileile, maradufu... homa ya mtoto ilikuwa imekataa kushuka, zahanati walikuwa wameshampa matone, na komadre Zuleide, mama wa ubatizo wa mtoto, akaja na boksi lake, kila nyumba mtaani kwetu ina boksi la viatu juu ya friji, ndani yake vidonge vya marehemu, sirapu nusu chupa, mafuta ya kuchua, jirani akiumwa boksi linashuka, ndio upendo wenyewe huo, asiyeleta boksi anaitwa mchoyo, na Zuleide akasema, mpe na sirapu hii, Neide, wangu ilimwinua, na Neide akampa, hii na ile, kwa supu, kwa sala, bila kukosa, hakuwa mama wa kusahau dawa, laiti angekuwa, laiti angekuwa mzembe kama mimi, macho ya mtoto yakageuka manjano, na daktari akasema ini, akasema hutokea, akaenda zake... na vitunguu ni vyake, hilo ndilo linaloniua, vimetoka kwenye meza yake ya sokoni, alinichagulia visivyopuliziwa dawa, tukakaa jikoni kwake tukikwangua magamba makavu kwa kisu ili mizizi mipya ipate kutoka, ana mkono mwepesi kuliko wangu, hakujeruhi hata kimoja, na siku alipokuja maabara akasimama mbele ya mstari wa tatu, akaishika glasi, akaikazia macho ile mizizi iliyooza, akasema, "Ona, Lúcia. Si nilikwambia? Muuaji ndiye huyu," nami nikasema ndiyo, dada, nikaenda kunawa mikono... na sasa mzee anarudia, anadhani sikusikia, anasema kule nje, mwanangu, katika maisha ya kawaida, mama gani hasomi karatasi ya dawa, mama gani, na naona Neide ameinamisha kichwa, anakunja kitambaa cha mikono, anakikunja tena, hajaelewa, au ameanza kuelewa, yeye si mjinga, chupa zote mbili bado anazo kabatini, nikikaa kimya atamaliza mwenyewe, ataisoma ile picha ukutani glasi kwa glasi na atakuwa peke yake nayo, peke yake na lile "mama gani" la huyu mzee... mama gani, wewe, na wewe je, si wakati wa mapumziko tu uliingia ukishika kipaji cha uso, ukisema barabara imekupasua kichwa, ukisema umeshameza kidonge kimoja garini, cha mke wako, hakijasaidia, na dada yangu akafungua mkoba wake akakupa kidonge kisicho hata na karatasi, kipande kilichokatwa kwa mkasi, nawe ukakimeza kwa kahawa, hukuuliza jina, ukasema Mungu akubariki, mama... profesa wa sumu, miaka yote hiyo ya vitabu, na ulimeza, na Ivonete aliona akatabasamu, na mimi niliona nikaendelea kupanga vikombe, hakuna aliyesema subiri, kwa nini tuseme, ni upendo... kwa hiyo si dhana, na sitasema ni dhana, cheti wakikizuia wakizuie, na sitasema kiwanda ndicho muuaji, japo hasira ninayo, majina mawili kwa dawa moja na maandishi ya chawa, hilo nitalisema na nitalisema kwa nguvu, lakini kwanza nani, ameuliza nani, nitasema wewe, Profesa, muda mfupi uliopita, mbele yetu sote, na mke wako asubuhi, na msimamizi wangu aliyetazama, na mimi, na Zuleide, na mtaa wetu mzima na maboksi yake, nitaanza na wewe, nitakwenda polepole, mtu mmoja mmoja, ili nikifika kwa dada yangu akute chumba kimejaa, asiwe peke yake, akinichukia na anichukie, lakini asiisome ile picha peke yake... "Hakuna haraka, binti," anasema Profesa Aderbal, na Neide anainuka na chupa, anakwenda kumwongezea kahawa.