Nukta Pembeni mwa Jina la Tietz

Siku ya Alhamisi Bwana Harbeck aliingia mazoezini na theluji bado mabegani, akamnyooshea kidole Lorenz Tietz mbele ya timu nzima.

"Jumamosi nataka pointi kumi kitabuni," alisema. "Chini ya hapo, ukae na viti vyako. Mimi nalipa wafungaji."

Bwana Harbeck ndiye mwenye kiwanda cha viti na ndiye mwenye timu yetu ya mpira wa kikapu. Lorenz alikuwa na miaka thelathini na minne. Mchana alichonga miguu ya viti, jioni alicheza, na sijawahi kumwona mtu anayefurahi vile kwa sababu tu ya kukimbia. Aliangalia viatu vyake, kisha akarudi kutupa mipira.

Kitabu alichosema Bwana Harbeck nilikuwa nakiandika mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na tangu msimu wa mwaka 1946 uanze nilikuwa nimeombwa nikae mezani kando ya uwanja, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na sigombani na mtu. Kila mchezaji ana mstari wake: vikapu, mitupo huru, faulo, jumla. Basi. Hakuna mahali pa kumwandika aliyetoa pasi.

Hilo lilinikera tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo nilianza kuweka nukta ndogo za penseli pembeni mwa jina, nukta moja kwa kila pasi iliyozaa kikapu. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, kama mtu anayechora maua kwenye daftari la serikali.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Harufu ya soseji na makoti yaliyoloa ilitanda. Wapinzani wetu, Dunmore, walikuja na majitu yao, na tangu filimbi ya kwanza hakuna aliyeongoza kwa zaidi ya pointi nne.

"Refa!" mama mmoja alipiga kelele nyuma yangu. "Hiyo miwani ni yako au umeazima kwa mama mkwe?"

"Mwache, Berta, ndiyo kwanza ameamka!"

Kando yangu alikaa Zielke, mwenye duka la dawa, ambaye kazi yake ilikuwa saa na honi. "Mwalimu," alininong'oneza, "Lorenz ana ngapi?"

"Saba."

"Mtoto wa watu! Mbona hatupi?"

Hakuwa anatupa kwa sababu kila alipopata mpira watu wawili walimrukia, naye akaona mwenzake yuko wazi. Pasi ya chini, kikapu. Pasi ya kisogoni, kikapu. Penseli yangu iliruka kutoka mstari hadi mstari. Halafu akafunga kimoja kutoka kona, pointi ya tisa hiyo, na ukumbi ukatikisika hadi penseli ikaniponyoka.

"Tisa!" Zielke alinipiga kiwiko. "Moja tu, mwalimu, moja tu!"

Zikabaki sekunde nane. Dunmore hamsini na tatu, sisi hamsini na mbili. Lorenz alidaka mpira karibu kabisa na kikapu. Nilisimama bila kujua kama nimesimama. Tupa! Tupa, Lorenz! Mtu mmoja tu wa Dunmore alikuwa mbele yake, na angeweza kujaribu. Lakini upande wa pili kijana wetu Pavlik alikuwa peke yake kabisa, mikono wazi.

Lorenz akampa.

Pavlik akatupa. Mpira ukazunguka ukingo wa kikapu, Lorenz akaruka kuusaidia, mikono minne ikapaa, Zielke akabonyeza honi, na mpira ukadondoka ndani.

Sikuwahi kusikia kelele kama zile. Kofia zilirushwa. Berta alimkumbatia mume wake na mume wa jirani. Mtangazaji akainama juu ya meza yetu, kipaza sauti mkononi. "Cha nani? Haraka, binti, cha nani?"

"Cha Lorenz," Zielke akaninong'oneza, macho yamelowa. "Mikono ilikuwa mingi pale. Nani ataapa? Mwandikie."

Niliangalia penseli. Pointi mbili tu, naye angekuwa na kumi na moja. Lakini nilikuwa nimeona: mkono wake haukuufikia mpira, kiasi cha kiganja kimoja. Nikainua macho, naye alikuwa amesimama mbele ya meza, akihema, jasho likidondoka kwenye ukurasa wangu.

"Ni cha Pavlik, mwalimu," alisema huku akicheka. "Umeona mpira ulivyozunguka? Umeona?"

Nikamwandikia Pavlik. Kisha nikaweka nukta kwa Lorenz.

Bwana Harbeck alikuja kabla ya kelele kupungua. "Tietz ngapi?"

"Tisa," nilisema.

Akatikisa kichwa, akaanza kugeuka. Na mimi, ambaye hata wanafunzi wangu huniambia niongeze sauti, nikamshika mkono wa koti.

"Bwana Harbeck, tumefunga vikapu ishirini. Hizi nukta ni pasi zake. Zihesabu."

Akazihesabu kwa kidole, taratibu. "Kumi na moja."

"Na vinne amefunga mwenyewe. Toa."

"Vimebaki..." Akarudisha kidole kwenye nukta. "Vitano?"

"Vitano. Ndivyo tungekuwa navyo bila yeye."

Zielke alibonyeza honi kwa bahati mbaya, ikalia. Bwana Harbeck alifungua kurasa za nyuma, mechi baada ya mechi, nukta baada ya nukta. Simu ya mezani ikaita. Lilikuwa gazeti, wanataka hesabu za mechi kama kawaida. Nikawasomea majina hadi nikafika kwake.

"Tietz. Vikapu vinne, mtupo huru mmoja, faulo tatu, jumla tisa. Na pasi za kikapu kumi na moja."

"Hiyo hatuna safu yake, dada."

Bwana Harbeck alininyang'anya simu. "Basi chora!" alifoka. Kisha akageuka akaita uwanjani, kwa sauti ya kiwandani: "Tietz! Jumatatu mazoezini, usichelewe!"