Duara la Juu

Binti yangu Renata alirudi nyumbani mwezi wa nne na masanduku yake, mtoto wake na shahada zake mbili, akasema anagombea udiwani wa kaunti. Mume wangu Chester alikuwa anakunywa supu. Aliweka kijiko chini, akamtazama mjukuu aliyelala begani kwa mama yake, akauliza, "Na Zosia atalala chumba gani?" Chester hajui kusema karibu kwa namna nyingine.

Mambo yalikuwa wazi tangu siku ile. Renata akishinda, anabaki. Atanunua ile nyumba ya marehemu Bibi Stasia pale kwenye kona, Zosia ataanza shule ya parokia, nami nitakuwa na kichwa cha kusuka kila asubuhi. Akishindwa, kulikuwa na chuo huko Oregon kilichokuwa kikimwita akafundishe, na Oregon si mahali pa kwenda kunywa kahawa na kurudi. Mwaka ule watu wote walikuwa wakigombana juu ya rais. Mimi nilikuwa nikimgombania mjukuu wangu, basi.

Hapa Carrow, Michigan, kupiga kura hakukuwa jambo la kuumiza kichwa. Sisi Wapolandi wa upande huu wa reli na watu weusi wa upande ule hatukusali pamoja wala hatukuzikana pamoja, lakini kiwandani wanaume wetu walisimama kwenye mstari mmoja wakiunganisha magari, na chama cha wafanyakazi kiliwafundisha somo moja. Juu kabisa ya karatasi ya kura kuna maduara ya vyama. Ukijaza wino duara la chama chako, umewapigia wagombea wake wote kwa mkupuo, kuanzia rais hadi yule bwana wa mifereji ya maji machafu. Jaza la juu la Wademokrati, nenda nyumbani. Chester alikuwa akifunga viti na rafiki yake wa upande ule, Odell Pettway, akifunga milango, na siku ya kura walishindana nani atatoka kibandani kwanza. Aliyechelewa alinunua bia.

Kisha kiwanda kikahamia Mexico, na wanaume wetu wakahamia kwenye ukumbi wa parokia, wakakaa humo siku nzima wakinywa kahawa na kununa. Nilisikia minong'ono kwamba wengi wao wanahama chama, wanakwenda kwa Warepublikani. Chester sikumuuliza. Mtu uliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana unadhani unamjua hadi anavyokoroma.

Odell hakuhama. Tangu mkewe afariki amekuwa akija kwetu kila Jumapili na pai ya viazi vitamu, naye akiondoka anabeba pierogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha, za kumtosha hadi katikati ya wiki. Kwa hiyo alikuwepo mezani siku Renata alipoliachia lile neno.

"Shida yetu," Renata alisema huku akimkatia Zosia soseji vipande vidogo, "ni Wazungu wasio na shahada. Hao ndio wanaotukimbia."

Chester aliacha kutafuna. "Wasio na nini?"

"Shahada, Baba. Ndivyo watafiti wanavyowagawa wapiga kura."

"Kwa hiyo mimi ni asiye na."

"Sijakusema wewe."

"Nina nyumba niliyoimaliza kulipa. Nina mke, ingawa ana mdomo. Nina goti la chuma. Lakini huko kwenu mimi ni asiye na."

"Mdomo ndio uliokulisha leo," nikamwambia. "Kula."

Odell aliinua uma wake. "Ngojeni kwanza. Mimi nami shule niliiacha nikaenda kufunga milango. Mbona sitajwi kwenye hao watoro?"

Renata aliona haya kidogo. "Ninyi mnahesabiwa kwa rangi, Mjomba Odell. Watu weusi, mwenye shahada na asiye nayo, wengi bado wanapiga kura upande mmoja. Kwetu sisi ndipo shule inapotutenganisha."

"Umesikia, Chester? Wewe wamekupima kwa shule, mimi wamenipima kwa ngozi. Mimi hata mtihani sikufanyishwa."

"Ndiyo maana umefaulu," Chester alisema.

Tulicheka, hadi Zosia akacheka bila kujua kilichomchekesha. Odell alipomaliza kucheka alisema taratibu kwamba yeye habaki kwa mapenzi. "Wale wengine hawajawahi kunigongea mlango. Hawa wetu wananigongea kila baada ya miaka minne kama mtu wa kusoma mita. Angalau wa mita namjua sura." Renata alitikisa kichwa akasema ataugonga kila mlango wa mji huu, na aliposema hivyo nilimwamini, maana huyu mtoto tangu akiwa mdogo ukimwambia achume cherry atakuletea na matawi.

Na kweli aligonga. Kiangazi chote alizunguka na Zosia mabegani, jua likamwivisha pua. Vipeperushi vyake alivitunga mwenyewe: picha yake, jina lake, na chini kwa herufi nene, "Jaza duara la juu, kama tulivyofundishwa." Chester alikisoma kimoja akakirudisha mezani. "Umeandika vizuri," alisema. Mabango ya kupigilia uani aliyapigilia yeye, kwa nyundo yake, letu na ya majirani, na lile letu alilinyoosha mara kadhaa kwa sababu aliliona limeinama. Nayasema haya ili mtu asije akadhani hampendi mwanawe.

Ila lile neno halikumtoka. Kijana wa duka la vipuri akimuuliza anataka nini, Chester anajibu, "Sijui, mimi ni asiye na." Daktari wa goti alimuuliza kama ana maumivu, akasema hata hayo hana. Mimi nilidhani ni utani. Chester akiumia anatania, na miaka yote hii bado huwa nakosea nikacheka.

Siku ya kura tulikwenda pamoja ukumbini, mimi na yeye. Mimi nilikaa na karatasi yangu kama mtu anayesoma maandishi ya dawa. Nilijaza la juu, kisha nikashuka chini nikalitafuta jina la mwanangu, nikalijaza na duara lake, kwa raha yangu tu. Nilipotoka Chester alikuwa ameshafika kwenye gari, amewasha kipasha joto.

"Umeshamaliza?"

"Kitambo," alisema. "Odell angeninunulia bia leo."

Kura zilipohesabiwa, Renata na Gary Lindquist, mgombea wa Warepublikani anayeuza mashua kule ziwani, walikuwa sawasawa. Zilihesabiwa upya na zikatoka sawa tena. Simu ilipigwa tukiwa jikoni. Renata alisikiliza, akashukuru, akatugeukia akicheka kwa wasiwasi, akasema sheria ya Michigan inataka wagombea wapige bahati nasibu: karatasi mbili kwenye kisanduku, moja imeandikwa "amechaguliwa" na nyingine "hakuchaguliwa", kila mmoja anachukua yake.

Chester alitoka akaenda gereji. Nilimfuata kwa sababu alikuwa ametoka bila koti. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo, nyundo mkononi, hapigi kitu.

"Chester, una nini?"

"Nilijaza la juu."

"Sote tulijaza la juu."

"La Warepublikani, Geri."

Nilishika meza yake ya kazi. "Na jina la Renata?"

"Sikufika huko. Nilijaza la juu, nikatoka. Si ndivyo tunavyofanya?"

Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata tangu niolewe. Angeweza kumchagua rais amtakaye, kisha akateremsha macho na kujaza duara la mwanawe. Sheria inaruhusu, na kura ya chini ingehesabiwa hivyo hivyo. Hata angeziacha nafasi zote wazi, Renata angeshinda kwa kura moja. Lakini mkono wake ulifanya ulichofundishwa na chama cha wafanyakazi, chama kilekile alichokuwa akikilaani ukumbini. Ni mtu wa mtaa wetu tu anayeweza kuhama chama na kubaki na mazoea yake.

"Nilikuwa nimemkasirikia yule mgombea wetu wa urais," alisema. "Nilipoingia mle kibandani nikawa nalisikia lile neno tu. Nikasema, haya, asiye na atawaonyesha. Nikajaza. Nilikuwa tayari kwenye gari nilipomkumbuka mwanangu, Geri."

"Na hukurudi."

"Karatasi ilishamezwa na mashine."

Nilimnyang'anya nyundo. Sikuamini mikono yangu wala yake. Nilimwambia asimwambie Renata kabla ya bahati nasibu, maana bado tulikuwa na nusu ya nafasi, nami nilikuwa nimeishikilia nusu ile kwa kucha.

Asubuhi ya bahati nasibu Chester alivaa suti yake ya mazishi. Nilimwambia avae nyingine. Akasema hana, kisha akajisikia alivyosema. Katika jengo la kaunti karani alikitikisa kisanduku cha mbao, Renata akatangulia kuchukua. Aliikunjua ile karatasi, akaisoma, akaikunja tena vizuri kama leso. Akampa Gary mkono. Gary mwenyewe hakujua afurahi vipi, akabaki akimwambia Renata pole kama aliyemkanyaga mguu.

Renata na Zosia waliondoka kwenda Oregon kabla ya Krismasi. Odell alileta pai mbili, moja ya safari, akamfunga Zosia mkanda wa gari mwenyewe na kuuvuta kuhakikisha umeshika, maana mtu aliyefunga milango maisha yake yote haachi. Mimi nilikuwa nimeshalia ndani ili nisilie nje, nikalia tena nje.

Chester alisimama karibu na mlango wa dereva. Nilimwona anainama dirishani. Nilimtumbulia macho anyamaze, kwa sababu tulikuwa tumeshampoteza, na sikuona kwa nini aondoke na mzigo huo pia. Hakunitazama.

"Renata," alisema, "ile kura ilikuwa yangu."

"Kura gani, Baba?"

"Nilijaza la juu. La wale wengine. Sikushuka hadi kwako."

Renata aliitoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele, kwa kweli. Aliendelea kutazama mbele, kwenye lile bango lililopigiliwa uani, lenye sura yake.

"Niligonga milango yote ya mtaa huu," alisema mwishowe. "Hata kwa yule mwenye mbwa. Wa kwetu sikuugonga. Ninyi nilishawahesabu."

"Nilikuwa naona," Chester alisema. "Nilikuwa nakaa pale barazani. Ulipita na Zosia, ukanipungia mkono, ukaenda kwa Kowalczyk."

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Mwanangu." Chester alisogea karibu zaidi. "Ungeniomba tu."

Aliweka mkono wake mkubwa kwenye ukingo wa dirisha, na Renata akaufunika kwa wake, wakakaa hivyo hadi Zosia akauliza mbona gari haliendi. Kisha likaenda. Odell alivua kofia. Sisi tulibaki barabarani watatu hadi gari likapotea kwenye kona.

Lile bango bado lipo uani. Januari Odell aliuliza litang'olewa lini, Chester akamwambia ardhi imeganda kwa baridi, chuma hakitatoka. Ilikuwa kweli. Sasa ni mwezi wa tano, baridi imekwisha, tulipu zangu zimechanua kulizunguka, Zosia anasukwa na mtu mwingine, na nikimuuliza Chester kuhusu lile bango anatazama nje dirishani na kuniambia bado imeganda.