Bangili za Fundi wa Feni

Aliyepanga likizo ndefu ya shule iangukie kipindi cha joto hakuwa na watoto, au alikuwa nao akawaachia wengine. Mimi ni fundi wa feni. Joto likipanda ndipo kazi yangu inapopamba moto, barazani hapapitiki kwa feni za watu. Na ni hapo hapo shule zinapofungwa, wanangu watatu wakarudishwa mikononi mwangu, wazima, wameshiba, hawana la kufanya.

Mkubwa ni binti, tunamwita Kiherehere, na jina hilo halikumwonea. Anayemfuata ni Wakili, ana miaka mitano na hajawahi kukiri kosa. Kitinda mimba ni Bonge. Huyo anajua maneno manne, na matatu kati ya hayo ni "sitaki".

Mama yao ni nesi. Alitaka wakakae kwa Bibi, mama yake mzazi, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mimi nikatoa kifua mbele, nikasema nitawaweza. Akaniangalia vile anavyowaangalia wagonjwa wanaodai hawaogopi sindano.

"Sawa, baba watoto. Ila mteja mmoja tu akija kulalamika, kesho yake wanapanda basi, na hawarudi mpaka shule zifunguliwe."

Nikakubali. Wiki ya kwanza nilikuwa namwomba Mungu alete huyo mteja upesi. Bonge aliinywesha mota uji. Kiherehere alimnyoa mwanasesere wake, kisha akamgeukia Bonge. Na kutwa nzima mchezo ulikuwa mmoja: kila feni niliyoiwasha kuijaribu, vichwa vitatu vilijipanga mbele yake na kusema "Aaaaa", sauti ikitoka imekatwakatwa, wakaanguka chini kwa kicheko. Niliwafokea wee, mwisho nikachoka.

Sijui ni siku gani hasa nilianza kuipenda kelele hiyo. Najua tu kwamba mchana mmoja walilala wote sakafuni palipo na ubaridi, mguu wa Wakili juu ya goti langu, nikakaa na bisibisi mkononi bila kujitingisha, kazi imelala, na wala sikujali.

Sasa, kila fundi ana mtindo wake. Mimi nikiifungua feni, naifunga uzi wa rangi kila kipande: wavu, mapanga, mota. Uzi mwekundu ni wa kinyozi, wa kijani ni wa mama mwenye nyumba wetu, wa njano ni wa feni yetu wenyewe, ambayo ilikuwa haijaoshwa muda mrefu maana mganga hajigangi. Siku hiyo nilizifungua zote tatu, za umbo moja na rangi moja, nikaziosha vumbi, nikazianika uani. Kinyozi na mama mwenye nyumba walikuwa wazifuate saa kumi.

Nikiwa nakunywa chai, Kiherehere akanijia na bangili ya nyuzi aliyoisuka mwenyewe. Nyekundu, kijani, njano. Nikaivaa. Nikaisifia. Nikamwambia ana mikono ya fundi kama baba yake. Wakili alikuwa na ya kwake, na Bonge alikuwa nazo mbili, moja mguuni.

Nilifika uani nikiwa bado natabasamu. Vipande vyote vilikuwa vimelala juani, safi, vinang'aa, na havina uzi hata mmoja.

"Nani amefungua nyuzi?" nilipiga kelele.

"Hakuna aliyetukataza," Wakili akasema.

Nikaketi juu ya beseni. Nilimwona mama mwenye nyumba akifoka mlangoni, nikaliona basi, nikaiona baraza imenyamaza kimya. Roho iliniuma kweli. Mteja yule yule niliyekuwa nikimwomba Mungu amlete akaniogopesha kuliko deni.

Kiherehere akanishika bega. "Baba, si uziunge tu, sisi tutazisikiliza."

"Mtazisikiliza nini?"

"Sauti zake. Ya kinyozi inasema kama mtu mwenye mafua. Ya mama mwenye nyumba inakata maneno vipande vidogo vidogo. Yetu ndiyo inasema vizuri."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaunga vipande, nikawasha, na vichwa vitatu vikajipanga. "Aaaaa." "Siyo!" Nikabadilisha mapanga. "Aaaaa." "Bado!" Nikabadilisha mota. Jasho linanitiririka, Bonge anapiga makofi, na mimi mzima, baba wa watu, nimeinama naimba "Aaaaa" kwenye feni. Kinyozi alitukuta hivyo. Akasimama mlangoni, akatufikiria, kisha bila kuuliza akainama na yeye.

"Aaaaa. Ndiyo yenyewe!" akasema. "Kumbe na nyie mnafanya?"

Akaondoka na mafua yake, ameridhika. Zikabaki mbili. Nilikuwa nimekaza skrubu ya mwisho mama mwenye nyumba alipobisha hodi.

"Baba, napinga," Wakili akasema. "Hizo mbili hazijasemewa."

"Kesi imefungwa!" Nikambebesha mama wa watu feni moja, nikampa na tabasamu.

Jioni mama watoto alirudi kazini, miguu imemvimba. Aliingia sebuleni, akaiwasha feni, na akidhani tuko uani wote, akainama mbele yake.

"Aaaaa."

Kisha nikasikia: "Hii siyo feni yetu."

Tukachungulia mlangoni wote wanne. "Umejuaje?" nikauliza.

Aliona haya kama msichana. "Kila siku nikitoka kazini... kabla hamjaniona."

"Nilisema mimi," Wakili akasema.

Hapo hapo mlango ukagongwa kwa nguvu. Mama mwenye nyumba. Mke wangu akanitazama, akazitazama bangili, akaelewa kila kitu.

"Mama, shikamoo, najua," nikaanza. "Tumebadilishiana. Hiyo uliyochukua ni yetu."

"Marahaba. Yenu?" Akashika kiuno. "Ile inayopuliza mpaka nimejifunika shuka? Nimekuja kukushukuru, fundi. Ukitaka kuichukua, utaanza kunihamisha mimi kwanza." Akaenda zake.

Nilimgeukia mke wangu. Sikujua huyo nimhesabu ni mteja wa namna gani.

"Mimi sijasikia malalamiko," akasema.

Akavua viatu, akakaa sakafuni mbele ya feni mbovu ya mama mwenye nyumba, akampakata Bonge. "Haya, sogeeni. Hii inabidi tuizoee."

Bonge akavuta pumzi. Tukamsubiri yeye aanze.