Sauti ya Fiorina

Wewe umewahi kuambiwa na mumeo unyamaze ili amsikie mkewe, na huyo mkewe ni wewe mwenyewe? Ersilia, jirani yangu wa ngazi moja, aliambiwa hivyo miaka nenda rudi. Mimi nilikuwa nasikia, kwa sababu ukuta kati ya jiko langu na sebule yao ni mwembamba kama biskuti.

Nikueleze vizuri. Ersilia alikuwa na miaka saba watu wa sinema walipokuja hapa Pietralata, pembezoni mwa Roma, vita vimekwisha na mitaa yetu bado ni tope tupu. Siku hizo hawakutaka waigizaji. Walitaka watu wenye sura za njaa, na kwetu sura hizo zilikuwa bwerere. Walimkuta Ersilia amechuchumaa kwenye bomba la uani anasugua sufuria kwa mchanga, wakamchukua hivyo hivyo alivyo, na kamasi zake. Kwenye picha wakamwita Fiorina. Filamu ikaitwa Mkate wa Jumatatu, ikazunguka dunia, na mpaka leo wasomi wakiitaja wanavua miwani kwanza.

Lakini walichukua sura tu. Sauti zilitiwa baadaye, ndani ya chumba kilichotundikwa mazulia ukutani, na watu wenye kazi yao. Picha zetu zote zilifanywa hivyo, mdomo wa huyu na sauti ya yule. Fiorina akapewa sauti ya binti wa daktari mmoja wa Parioli, mtaa wa matajiri, mtoto wa rika lake aitwaye Ottavia, aliyefundishwa kutamka kila herufi. Sauti nyororo, yenye kutetemeka kidogo mwishoni, utadhani inaogopa kukukwaza. Ersilia mwenyewe, kufikia wakati filamu inaonyeshwa, alikuwa na sauti ya msumeno kwenye ubao mbichi. Watoto wa uani walimwita Chura.

Otello aliiona filamu hiyo akiwa kivulana, kwenye ukumbi wa parokia, akaipenda ile sauti mapenzi ya kuumwa. Alipokua akawa fundi wa mabasi, na mtu akamwambia kwamba Fiorina ndiye yule msichana anayeshona kola za mashati nyuma ya kanisa, alikwenda kununua shati ambalo hakulihitaji. Ersilia aliyapenda mabega yake. Alijua pia amefuatwa kwa ajili ya nini, kwa hiyo akawa ananong'ona. Mnong'ono hauna mkwaruzo, jaribu mwenyewe utaona. Uchumba mzima alinong'ona, na Otello akawa anasifia adabu yake kwa kila mtu gereji.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa maziwa yalifura yakamwagika, na Ersilia akapaza sauti jikoni, "Otello, niletee kitambaa." Mwanamume akatokea na povu la kunyolea kwenye shavu moja, akamtazama kana kwamba kuna mwizi ndani.

Jumapili iliyofuata, mezani kwa wazazi wake, alisema, "Nilioa sauti, wakaniletea mdomo."

Meza nzima ikacheka. Ersilia naye akacheka, na waliposikia kicheko chake wakacheka zaidi.

Sasa kulikuwa na jambo Ersilia alilotaka kumweleza mumewe, jambo la siku moja ya kupiga ile picha. Alijaribu ndani ya treni, walipokwenda fungate Napoli wiki iliyofuata. Otello akamwambia, "Pumzisha koo, mpenzi, abiria wanafikiri breki zimekwama." Akajaribu tena miaka mingi baadaye, siku ya kumzika mama yake, amelishika mikononi koti la marehemu, koti la sufu lenye kola ya manyoya iliyoliwa na nondo. Otello akamwambia, "Wewe lia, usiongee. Kulia unalia vizuri, nchi nzima inajua."

Basi likabaki kooni.

Kisha zikaja kaseti za video. Nakumbuka magazeti yalivyokuwa yakiuza filamu za zamani pamoja na habari, kila wiki moja, zimefungwa kwa nailoni pale kibandani. Siku ilipotoka Mkate wa Jumatatu, Otello alikuwa kibandani kabla mwenye kibanda hajashusha mizigo. Aliitazama mpaka ikachakaa. Pale Fiorina anapomwita mama yake kando ya ukuta wa tanuri la matofali, picha ilikuwa inaruka na kufanya mistari kwa sababu ya kurudishwa na kurudishwa. Ersilia akipita na kapu la nguo, au akiuliza tu kama atakula sasa au baadaye, nilisikia kupitia ukuta wangu, "Nyamaza kidogo, nimsikie mke wangu."

Alisema hivyo kwa mzaha. Mzaha ukisemwa miaka yote unazoeleka kama kikohozi cha mtu.

Ndipo zama za diski zikafika, na kampuni moja ikaamua kuitoa filamu upya, imesafishwa, ndani ya boksi zuri lenye kijitabu na mazungumzo na walioshiriki. Walioonekana kwenye picha walikuwa wamebaki wawili, na mmoja alikuwa hajui tena jina lake. Wakampigia Ersilia. Akaja kijana mmoja mwenye ndevu, Saverio, na taa zake na kamera. Otello alipoziona zile taa alichukua mipira yake ya kuchezea bocce akavaa kofia.

"Huketi usikilize?" nikamuuliza.

"Bi Ines, mimi chura namsikia bure kila siku," akasema, akashuka ngazi anapiga mluzi.

Nilibaki jikoni kwao naangalia kahawa isimwagike, mlango uko wazi. Ersilia alivaa gauni la buluu, nywele amezitengeneza kwa Assunta wa saluni, mikono ameiweka magotini kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Saverio akamuuliza kuhusu ile sehemu ya ukutani. Ilikuwaje mtoto asiyejua kuigiza akalia namna ile?

"Sikuigiza," Ersilia akasema. "Mwongozaji alitaka machozi ya kweli. Wakaniambia mama ameondoka. Kwamba amepanda lori la kwenda Abruzzo na kaka yangu, mimi ameniacha kwa sababu nakula sana. Nikaanza kumwita. Kila nikinyamaza walisema, labda lori halijafika mbali, mwite tena. Mashine inazunguka, mimi naita. Niliita mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni. Na mama alikuwa nyuma ya ukuta ule ule. Amejiziba mdomo kwa aproni. Walikuwa wamemwahidi koti."

Saverio akaisogeza kamera karibu.

"Jioni sauti ikakatika kama uzi, na iliporudi ndiyo hii unayoisikia. Kabla ya hapo nilikuwa naimba kanisani, bwana. Chura hakuzaliwa. Alitengenezwa siku ile, kisha wakaona hafai, wakamtafutia mtoto mwingine aseme."

Kahawa ikamwagika, nikaiacha.

"Mume wangu hajui," akaongeza. "Kila nikianza ananizima. Lakini kwenye televisheni hawezi kunizima. Nitaketi pale pale na yeye, na televisheni itamwambia kwa mdomo wangu na kwa sauti yangu hii hii. Ndiyo maana nimekubali uje."

Saverio akafuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Signora," akasema, "sauti hiyo ndiyo filamu yenyewe." Alikuwa kijana mwema. Wema wake uliishia kwenye ngazi zetu, kwa sababu waliokuwa wanaamua ni wengine.

Ersilia alingoja miezi. Alikuwa mtu wa furaha mpaka ikanitia hofu. Alifua mapazia na kununua leso mpya za mezani. Boksi lilipofika, binti yao Loredana akaleta mashine ya diski, akaunganisha nyaya, na nikaalikwa chakula cha Jumapili. Tulikula tambi za fettuccine zenye mchuzi wa vipande vya kuku, kisha mboga za artichoki zilizotiwa mnanaa, Otello akimimina divai ya Frascati na kujisifu kwamba amekalia kiti cha karibu na televisheni kuliko wote. Rimoti ilikuwa mkononi mwake.

Filamu ilipita, safi kama dirisha lililofutwa. Uliweza kuhesabu nyufa za ule ukuta. Fiorina alipoita, Otello alisogeza midomo pamoja naye. Ersilia hakuwa anatazama. Alikuwa anangoja sehemu ya pili.

Loredana akamwelekeza baba yake abonyeze wapi. Ikatokea sebule hii hii tuliyokaa, kabati lile lile, na Ersilia wa gauni la buluu. Ersilia wa kwenye kiti akakaza mgongo. Yule wa kwenye kioo akafungua mdomo.

Ikatoka sauti nyororo ya bibi aliyefundishwa kutamka kila herufi, yenye kutetemeka kidogo mwishoni.

"Sikuigiza," ikasema.

Niliona mkono wa Ersilia ukipanda kwenye koo lake, ukakaa hapo. Loredana akageuza boksi, akasoma pole pole. "Zawadi kwa wapenzi wa filamu. Baada ya zaidi ya miaka hamsini, Ottavia Brandi anarudi kumpa sauti Fiorina." Akamtazama mama yake. "Mama, wamekutilia sauti. Wamekutilia sauti tena."

"Ni yeye," Otello akasema. Alikuwa ameshasimama nusu. "Ni yeye yule yule. Sikia alivyozeeka vizuri."

"Otello," Ersilia akasema.

"Nyamaza kidogo, anaongea."

Akanyamaza. Sote tukanyamaza. Ile sauti ikaeleza lori la Abruzzo, kivuli cha ukuta, aproni mdomoni. Ilieleza vizuri, siwezi kudanganya, haikuacha neno hata moja la siku ile. Ikasema koti. Otello akachukua leso ya mezani akajifunika macho, na mabega yake, yale yale aliyopendewa, yakaanza kutikisika. Ilipofika kwenye sauti kukatika kama uzi, ikasema hivyo bila uzi wowote kukatika, na mzee akalia kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango.

"Maskini Fiorina wangu," akawa anasema. "Maskini wangu. Koti. Kwa ajili ya koti."

Yote kuanzia "mume wangu hajui" mpaka "nitaketi pale pale na yeye" yalikuwa yamekatwa.

Kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupanda. Loredana akanyoosha mkono azime, baba yake akamzuia. Alikuwa bado ameitazama televisheni. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Nami naapa alikuwa anaiuliza televisheni.

"Baba," Loredana akasema, "mama yuko huku."

Otello akageuka, uso umelowa, akamwona mkewe kana kwamba amesahau kwamba alikuwa mezani. "Ndiyo, ndiyo," akasema. "Kumbe ni wewe. Ungeniambia, Ersilia. Mimi si mnyama." Kisha akamgeukia binti yake na kumpa rimoti. "Rudisha. Anzia kwenye lori. Nataka kumsikia tena."

Ersilia alikusanya maganda ya artichoki kwenye sahani moja, akapanga vijiko juu yake, akaifuta meza mbele ya mumewe kwa kiganja mpaka makombo yote yakaingia mkononi. Akamchukulia Loredana rimoti taratibu, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akasema, bila kunong'ona, kwa ile sauti ya msumeno ambayo nyumba nzima inaijua mpaka ghorofa ya chini:

"Hivyo ulivyomnyamazia yeye, Otello, ndivyo nilivyotaka uninyamazie mimi."