Herufi Iliyolalia Upande wa Pili

Watu wa soko la bunduki la Darra walimzoea Ustadhi Lajbar, fundi wa bunduki, kwa kioja kimoja: hataji bei ya silaha kabla ya kuinusa. Asubuhi ile aliinusa bastola ya Mzee Nurzada, akaipima uzito mkononi, akafungua gurudumu la risasi na kulizungusha. Nje mtu alikuwa akijaribu bunduki mpya kwa kufyatua hewani, na dukani hakuna aliyegeuza shingo.

Mbele yake walikaa wageni watatu. Malik Ghuncha, msimamizi wa jirga, yaani baraza la wazee, ndiye aliyewaleta. Kulia kwake alikaa Khaista Mir, kushoto Nurzada, na kati yao ugomvi wa maji ya mfereji uliokwisha kula watu wawili, mmoja kila upande. Jirga ilikubali kuwapatanisha, ila kwa mila: kila upande uweke silaha mikononi mwa wazee kama dhamana, thamani kwa thamani, na atakayevunja amani kabla ya hukumu azikose. Khaista Mir alikwisha kuweka bunduki mbili za laki tatu. Nurzada bunduki zake aliziuza zamani kumsomesha mjukuu, akabaki na bastola hiyo tu.

Mjukuu mwenyewe, Ilyas, ndiye aliyekuwa anawindwa na watu wa Khaista Mir. Miezi kumi na minne hakuvuka kizingiti cha nyumba yao. Dhamana ikikosekana hakuna jirga, na jirga isipokaa kijana angeendelea kulichungulia jua dirishani.

"Iangalie vizuri, Ustadhi," Nurzada alisema. "Baba yangu aliichomoa kiunoni mwa kapteni wa Kiingereza, kapteni bado yuko juu ya farasi."

"Mwaka jana alikuwa meja," Khaista Mir akadakia. "Naona wamemshusha cheo."

"Meja ni baba yako!"

Malik Ghuncha alicheka, halafu akajifanya anakohoa. "Nyie wawili, tumekuja kwa Ustadhi, hatukuja kwa farasi. Atakachosema yeye ndicho hicho."

Lajbar alitamani bastola iwe ya kweli. Alimpenda Nurzada, na Ilyas alimjua tangu kijana huyo anatambaa. Ikiwa ya Kiingereza, ingefika laki tatu bila taabu. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa akausugua ubavu wa chuma, na alama zikaanza kujitokeza: taji, namba ya tarakimu tano, kisha neno ENGLAND. Kiingereza hakukijua, lakini neno hilo aliligonga kwenye chuma tangu utotoni, analitambua kama uso wa mkewe.

Herufi ya pili ilikuwa na kasoro. N ilikuwa imelalia upande wa pili, mstari wake wa katikati ukipanda pale ulipopaswa kushuka. N nyingine, karibu na mwisho wa neno, vilevile.

Aliujua mkono uliochonga muhuri ule, maana ulikuwa mkono wake.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alimpa tupa na vipande vya chuma achonge mihuri ya herufi, akamfundisha kwamba muhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke sawa. Lajbar aliigeuza E, akaigeuza G, akaigeuza L na D. Alipofika kwenye N aliigeuza juu chini, akaridhika. Sasa N ukiigeuza juu chini inabaki N ile ile, na mtoto hakung'amua kuwa ikigongwa itatoka kinyume. Bastola ya kwanza ilipogongwa, baba alimzaba kofi, kisha akacheka mpaka akakaa chini, akautupa muhuri mtoni. Bastola hakuitupa. Alimuuzia mtu wa milimani asiyejua herufi hata moja, na akamwapia kuwa ni ya Kiingereza.

Lajbar aliwatazama wote watatu. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma Kiingereza. Neno moja tu, "halisi", na Ilyas angetoka nje leo hii. Lakini dhamana ya uongo siku moja hugundulika, na siku hiyo wasingekufa wawili tu. Mbaya zaidi, uongo wenyewe ulianzia dukani humu.

"Imetengenezwa Darra," alisema. "Imetengenezwa hapa mlipokaa. Hizi herufi nilizikosea mimi, mstari unapanda badala ya kushuka, na baba yangu akaiuza kama ya Kiingereza. Bei yake elfu ishirini."

Khaista Mir alipiga makofi. "Kumbe kapteni alikuwa Lajbar! Na huyo farasi yuko wapi?"

Nurzada alikuwa anautazama mkeka. "Baba alilipa nyati wawili wa kufugwa," akasema taratibu. "Niliwaswaga mimi mwenyewe mpaka hapo mlangoni. Farasi tulimwongeza baadaye." Machozi yakamtoka mbele ya adui yake, na Khaista Mir akaacha kucheka.

"Basi hakuna dhamana," Malik Ghuncha akasema, akaanza kuinuka.

"Kaa, Malik."

Lajbar alinyanyuka. Ukutani, juu ya jiliwa la kubania chuma, ilining'inia bastola halisi ya Kiingereza ambayo kutoka kwayo baba yake alinakili kila kitu, na ambayo ukoo wao ulikataa kuiuza hata mwaka wa njaa. Aliitoa msumarini, akaiweka mkekani.

"Nyumba yangu iliapa kuwa alichonunua baba yake Nurzada ni cha Kiingereza. Sasa nakitimiza kiapo. Chukua hii kwa upande wa Nurzada. Wakivunja amani, imekwenda."

Khaista Mir aliivuta karibu, akaifuata N kwa ukucha. "Hii inashuka?"

"Inashuka."

"Na ile inapanda." Alizilinganisha mara mbili, tatu, akashusha pumzi. "Mtu angetaka kunidanganya angenyamaza. Malik, funga dhamana."

Nurzada aliiacha bastola yake dukani. Lajbar aliitundika kwenye ule msumari mtupu, na siku nzima hakufanya kazi ya maana.

Siku ya tatu, adhuhuri, soko limejaa, Ilyas aliingia dukani. Amekonda, ngozi imepauka, macho anayafinya kwa mwanga. Alisalimia, akaitazama bastola ukutani, akatabasamu.

"Babu ameniambia nije nikuone. Hiyo herufi niliiona tangu darasa la nne, Ustadhi. Babu alikuwa anaipenda sana ile hadithi. Nikanyamaza."

"Mjinga wewe. Kaa unywe chai."

Lajbar alimsogezea mto wa kukalia wa pembeni, ule unaotazama mlango, maana mtu anayewindwa hukaa hapo. Ilyas aliuona, akaupita. Alikaa katikati ya duka akiipa mgongo barabara, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaomba aongezewe sukari.