Orodha ya Wachezaji wa Kitanga

Mwaka 1998 Kipriani Niyubahwe alikuwa mchapaji katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuingiza majina ya wakimbizi kwenye kompyuta, kambi kwa kambi, familia kwa familia. Yeye mwenyewe alivushwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikulia Kitanga, akasoma huko, akaoa huko, lakini karatasi ya uraia hakuwa nayo. Na siku zile watu wa namna yake walikuwa wakikamatwa vijijini, wanapelekwa kambini, wanaulizwa habari za waasi. Kwa hiyo Kipriani alizoea kutembea pembeni mwa barabara na kusema machache.

Ule mchezo aliukuta ndani ya kompyuta. Uliachwa na mzungu aliyekuwa akisimamia magari, mkataba wake ulipokwisha. Haukuwa na picha za watu wanaokimbia, ni maandishi ya Kiingereza tu. Wewe ni kocha: unachagua timu, unapanga kumi na moja wako, unabonyeza, siku zinapita, na mechi inachezwa kwa sentensi fupifupi, moja baada ya nyingine. Kipriani aliucheza saa ya chakula, wenzake wakiwa wametoka na jenereta bado inanguruma.

Mwanzoni aliogopa hata kugusa. Aliona kama kitufe kimoja kibaya kingefuta majina ya kambi nzima, watu wakakosa unga kwa ajili yake. Alichagua timu kubwa, akabadilisha kila kitu siku ya kwanza, akafungwa mechi saba mfululizo, akafukuzwa. Maneno ya kufukuzwa yalipotokea kwenye kioo, mikono ilimtoka jasho kama vile amefukuzwa kweli.

Mara ya pili akachukua timu ndogo ya daraja la chini. Akawaacha wachezaji mahali walipozoea, akajifunza jambo moja kwa siku. Leo mabeki. Kesho mazoezi. Keshokutwa nani amechoka na nani ameumia. Akaanza kuambulia sare, kisha ushindi. Halafu akagundua kwamba majina ya wachezaji yanaweza kubadilishwa, na hapo ndipo alipokosea. Aliwafuta Waingereza wote, akaweka timu ya Kitanga, watu aliocheza nao kila Jumapili baada ya ibada. Nkunzimana akamfanya beki na nahodha. Nduwayezu, rafiki yake wa tangu utotoni, akampa namba tisa.

"Ati nimo kwenye kompyuta?" Nduwayezu aliuliza. "Nionyeshe, ndugu yangu. Mimi naamini ninachokiona."

Basi Ijumaa moja Kipriani akaichapa orodha yote, wachezaji ishirini na wawili na umri na alama zao, akaikunja ndani ya mfuko wa baiskeli. Ijumaa hiyohiyo mkuu mpya wa ofisi alitangaza kwamba michezo yote itafutwa kwenye kompyuta. Kipriani hakujali. Karatasi alikuwa nayo.

Jumamosi mchana, akiwa njiani kwenda nyumbani Kitanga kama kila mwisho wa wiki, alisimamishwa kwenye kizuizi nje ya mji. Mgambo mmoja akapekua mfuko, akaikunjua ile karatasi, akaisoma huku midomo ikicheza. Kisha akamwita mwenzake. Watu waliokuwa wakipita kwa miguu walitazama, wakaharakisha mwendo.

Alipelekwa kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili. Afisa aliyekuja alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aitwaye Bazilio. Aliilaza karatasi mezani akaipapasa kwa kiganja.

"Majina ishirini na mawili," alisema. "Yote ya kwenu. Na umri. Huyu Nkunzimana mmeandika kapteni. Kapteni wa jeshi gani?"

"Ni mpira, afande. Nahodha wa timu."

"Na safu hii? Kiingereza nimekisoma, kijana. Neno hili ni kupiga risasi."

Katika Kiingereza cha ule mchezo, kupiga mpira golini na kufyatua bunduki ni neno lilelile.

"Ni shuti, afande. Kupiga shuti golini."

"Nduwayezu, kumi na nane. Kati ya ngapi?"

"Ishirini."

"Kumbe huyu ndiye hodari wenu." Bazilio aliandika kitu kwenye daftari. "Anaishi wapi?"

Kipriani alisema jambo moja tu: kwamba mchezo upo, na anaweza kuuonyesha.

Wakaenda ofisini kwa gari. Gharibu, mlinzi wa geti, alifungua bila kuuliza, akimtazama Kipriani kama anayemuaga. Jenereta ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Ikakataa mara ya pili. Bazilio alisimama mlangoni, mikono nyuma. Ilipowaka, Kipriani alikaa mbele ya kompyuta akikumbuka tangazo la jana, na hakujua kama mkuu alikwisha kuufuta mchezo au la. Mashine ilikawia. Jina la mchezo lilipojitokeza, machozi yalimlenga.

Akafungua timu yake. Majina yalikuwepo, yaleyale.

"Hayo umeyaandika wewe," Bazilio alisema. "Nataka niwaone wakicheza."

Mechi ikaanza. Sentensi zikapita, Kipriani akizitafsiri kwa sauti iliyopasuka: Nkunzimana anaokoa, Nduwayezu anapokea, Nduwayezu anapiga, nje. Bazilio alisogeza kiti karibu. Dakika ya sabini alikuwa ameinama mpaka Kipriani akawa anasikia pumzi yake. Ilipoisha alisema, "Nianzishie yangu. Mwanzo kabisa."

Kipriani akamfundisha. Andika jina lako hapa, afande. Chagua timu. Bonyeza hapa. Bazilio akapanga washambuliaji sita. Kipriani aliona kosa, akanyamaza. Timu ya afande ikafungwa tano bila.

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeiacha timu nilivyoikuta kwanza, afande. Mpaka niijue."

Bazilio akafanya hivyo, akapata sare, akatabasamu, na lile tabasamu lilimtisha Kipriani kuliko maswali yote.

"Nenda kwako," alisema akiinuka. "Karatasi nabaki nayo."

Kitanga, habari zilikuwa zimemtangulia. Esteri, mkewe, alikuwa amekaa mlangoni na nguo zao zimefungwa kwenye kitenge.

"Wamesema umekamatwa na orodha ya watu wetu," alisema. "Nduwayezu ameondoka jioni hii. Hata mkewe Ange hakumwambia anakokwenda."

Jumapili hakuna aliyekuja uwanjani. Nkunzimana alipomwona Kipriani kanisani alihama benchi.

Jumatano, saa saba mchana, Bazilio alitokea ofisini. "Nimekuja kuendelea," alisema. Mchezo ulikuwa haujafutwa, na baada ya siku hiyo mkuu mpya hakuthubutu kuufuta. Wiki tatu afisa alikuja, akacheza, akauliza maswali ya mgeni: huyu amechoka nitajuaje, huyu nimuuze au nimwache. Kipriani alijibu yote akiwa wima nyuma ya kiti. Siku moja akakusanya nguvu akauliza kuhusu karatasi.

"Ile? Niliipeleka juu," Bazilio alisema bila kugeuka. "Hebu nitazamie beki wa kushoto."

Wiki iliyofuata Kipriani aliomba ruhusa, akapanda basi la Kibondo. Ange alikuwa amepata fununu kwamba mumewe yuko kwa ndugu huko Kumsenga. Alimkuta Nduwayezu nyuma ya nyumba ya huyo ndugu, anafyatua matofali, amekonda. Waliposalimiana, Nduwayezu alitazama kwanza barabarani.

Kipriani alimweleza yote, hakuficha kitu, hata lile neno la shuti. Nduwayezu alisikiliza akipangusa udongo mikononi.

"Iko wapi sasa?"

"Imepelekwa juu. Sijui juu ni wapi."

Nduwayezu akauliza polepole, "Kwenye huo mchezo, nilifunga mangapi?"

"Kumi na moja."

Alitikisa kichwa, karibu acheke. "Usiniambie nirudi, Kipriani. Wewe umemwona huyo mtu usoni. Mimi sijui hata ni nani anayelijua jina langu. Mwambie Ange aje na watoto."

Ijumaa hiyo, alfajiri, Kipriani alifunga sufuria na godoro la Ange kwenye baiskeli yake, akaisukuma mpaka stendi. Ange alitembea nyuma na watoto wawili. Kondakta alipouliza wanakwenda wapi, Ange alimtazama Kipriani. Kipriani akasogea karibu na sikio la kondakta, akalitaja jina la mahali kwa kunong'ona.